Fundi mmoja kaandikwa asilimia 300! Ratiba za ofisini zinatuumiza huku Amu

Jamani, nina hasira na siifichi. Mimi ni nyapara wa ukarabati wa nyumba ya kale hapa Amu, yaani mji wa kale wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kuta zake za mawe ya matumbawe hazifai kupigwa saruji. Ni chokaa, na chokaa ina mafundi wake. Sisi tunaye mmoja, mtu mzima, sote twamwita Ami.

Ratiba inapangwa na ofisi iliyoko Nairobi kwa Microsoft Project, programu ya kompyuta ya kupanga kazi na watu, mimi naletewa tu nitekeleze. Wiki moja Ami kapangiwa kazi tatu kwa pamoja: lipu ya ghorofani, nyufa za ukumbini, na kutengeneza upya zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani. Kila kazi saa 40. Hizo ni saa 120 kwa mtu ambaye kalenda ya programu yenyewe inampa saa 40. Programu haikunyamaza: jina lake likawa jekundu, na kando ya kila kazi kikatokea kisanamu chekundu cha mtu. Nikafurahi, nikasema sasa wataona.

Waliona. Wakabonyeza kitufe cha kusawazisha, kazi zikapangwa moja baada ya nyingine, tarehe ya kumaliza ikasogea wiki mbili. Meneja hakuitaka tarehe hiyo. Akafuta usawazishaji wote, akaingia kwenye jedwali la rasilimali, pale penye kiwango cha juu cha mtu, 100% akaifanya 300%. Wekundu ukatoweka palepale. Akaniandikia: “Bwana nyapara, ratiba iko sawa, haina jekundu hata moja.”

Iko sawa kwa nani? Ukiwa na maseremala watatu wa kazi moja, waandike 300%, hilo naelewa. Ami ni mtu mmoja!

Nilipolalamika, akamwongeza kibarua kwenye kazi ya zidaka. Kazi ile imewekwa kwamba saa zigawanywe kila anapoongezwa mtu, basi siku 5 zikawa siku 2 na nusu. Kijana mwenyewe kazi yake ni kupakia punda mchanga pale gatini. Hajashika mwiko maishani, atatengenezaje kidaka?

Na chokaa nayo. Tabaka la kwanza likipigwa, la pili lasubiri. Ofisi imeandika kule kusubiri kuwa kazi, na Ami kawekwa humo kwa asilimia 100, wakati fundi hahitajiki kabisa. Nimewaandikia mara tatu: mtoeni humo, acheni pengo tu la siku kati ya kazi mbili. Hilo peke yake lingempunguzia saa nyingi. Ijumaa tunafunga mapema kwa ajili ya swala, Jumamosi tunafanya kazi; kalenda yake ingerekebishwa kwa dakika chache, haijaguswa.

Jana magharibi nilimkuta Ami barazani, vidole vimepasuka kwa chokaa, anavipaka mafuta ya nazi. Akaniuliza, “Mwanangu, naambiwa nimechelewesha kazi mbili. Kazi gani hizo? Si kutwa nzima waniona niko juu huku?” Sikuwa na jibu. Ofisi inataka kumkata malipo kwa hizo kazi mbili, na watoto wanamngoja nyumbani.

Nimepiga picha ya jedwali lenye 300% na nimehifadhi faili ya zamani yenye wekundu wote. Jumatatu navipeleka vyote viwili kwa mwenye nyumba, kabla hata shilingi moja haijakatwa. Mnaoijua programu hii, niambieni leo: nikirudisha 100% na kuzipa zidaka kipaumbele cha 1000 ili zisisogezwe, nikisawazisha upya, zile kazi mbili nyingine ndizo zitakazosogea? Nataka niende na tarehe ya kweli mkononi.