Mama mkwe hataki vyakula vya vifungashio vya njano: naomba ushauri

BintiPangani (Edmonton, Kanada)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaishi Edmonton na mume wangu na watoto, na bajeti yetu ya chakula inategemea sana bidhaa za No Name, zile za maduka ya Loblaws ambazo vifungashio vyake ni vya njano tupu na maandishi meusi, bila picha wala mapambo. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, na tangu alipofungua kabati la jikoni hana amani. Alilishika kopo la maharage, akaligeuza huku na huku akitafuta jina la mtengenezaji, kisha akalirudisha alikolitoa. Anasema kwamba kitu kisichokuwa na mwenyewe ni ama cha msaada, ama cha watu wanaokwepa wakaguzi, na kwamba haoni vyema wajukuu zake walishwe vitu vya namna hiyo. Mume wangu, kwa kumheshimu mama yake, anataka tununue bidhaa zenye majina makubwa kwa kila kitu, jambo ambalo mfuko wetu hauliwezi kwa bei za sasa.

Naomba mnisaidie mambo mawili: kwanza, je, kuna tofauti ya kweli ya ubora baina ya bidhaa hizi na zile za bei ya juu? Pili, nizungumze vipi na mama bila kumvunjia heshima?

FundiLebo (Mississauga)

Dada, hongera kwa kupata ugeni. Kazi yangu ni uchapaji wa vifungashio, kwa hiyo nitajibu upande ninaoufahamu. Mtindo huu ulishamiri miaka ya 1970, wakati bei za vyakula zilipokuwa zikipanda kwa kasi katika nchi za Magharibi. Kampuni ya maduka ya Carrefour ya Ufaransa ilianza mwaka 1976 kwa bidhaa 50 katika vifungashio vyeupe, ikiwaambia wateja kwamba ni nzuri sawa na nyingine ila bei yake ni ya chini. Mwaka uliofuata maduka ya Jewel ya Chicago yakaleta za kwao, na mwaka 1978 Loblaws wakaanzisha No Name kwa bidhaa 16 tu, kwa usanifu wa Don Watt.

Watu wengi hudhani kwamba unafuu unatokana na uchache wa wino. Sivyo, kwa sababu kuijaza karatasi nzima rangi ya njano kunakula wino mwingi. Kinachookolewa ni gharama za matangazo, pamoja na nguvu ya duka kubwa kuagiza shehena nzima kwa mkupuo na kupatana bei na kiwanda. Wepesi wa sura ile umekusudiwa: mteja aliye upande wa pili wa ukumbi aione rafu ya njano na ajue mara moja kwamba pale ndipo penye bei ya chini.

Na mwambie mama kwamba bidhaa hiyo ina mwenyewe. Sheria ya Kanada inataka kila chakula kilichofungashwa kionyeshe jina na makao ya kampuni inayowajibika. Litafute nyuma, kwa herufi ndogo, karibu na orodha ya viambato.

MkaaziWaHamburg

Naongezea jambo la huku Ulaya ambalo limenisaidia sana. Vyakula vinavyotokana na wanyama, yaani maziwa, jibini, nyama na kadhalika, hubeba alama ndogo ya mviringo yenye herufi za nchi na namba ya kiwanda. Ya Ujerumani huanza na DE, kisha herufi za jimbo, kisha namba. Nikichukua maziwa ya ja!, ambayo ni bidhaa nyeupe za maduka ya REWE zilizoanza mwaka 1982, kisha nikachukua ya jina maarufu yaliyo jirani yake, ninalinganisha mviringo kwanza kabla ya kulinganisha bei. Namba zikifanana, basi bidhaa zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa kuwa kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza bidhaa mbili kwa vipimo tofauti, kwa hiyo alama ile inathibitisha mahali na usimamizi tu, haithibitishi kwamba ladha ni moja.

MpishiWaLeicester

BintiPangani, wenzangu wamesema kweli, lakini mimi nalishwa na jiko, na ninaona tusikupe matumaini yasiyo na mipaka. Tofauti zipo. Sukari, chumvi, mchele wa kawaida, maharage na dengu kavu nunua za njano bila wasiwasi wowote. Unga wa ngano linganisha protini kwenye jedwali la virutubisho, kwa sababu ndiyo inayoamua kama chapati itavutika au itakatika. Nyanya za kopo lazima ufungue ujionee mwenyewe, maana kuna zenye maji mengi kuliko nyama ya nyanya.

Sasa tui, ambalo kwa mtu wa Tanga ndilo litakaloamua kesi. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kopo likianza na maji kisha nazi, hilo ni tui la pili, hata kama lina picha ya mnazi na ufukwe mzuri. Tazama gramu za mafuta kwa kila mililita 100, kwani hapo ndipo penye wali wa nazi. Mimi nimepata tui zito katika kopo lisilo na urembo wowote na tui jepesi katika kopo la kupendeza, na pia nimepata kinyume chake.

Wajapani waliokuja na bidhaa za Muji mwaka 1980, chini ya maduka ya Seiyu, walifanya jambo ninalolipenda: waliwaeleza wateja sababu ya unafuu wa kila bidhaa. Uyoga wao mkavu ulikuwa uliovunjika vipande, ambao ladha yake ni ileile ya uyoga mzima. Natamani kila duka lifanye vivyo hivyo. Hapa Uingereza Tesco Value, yaani bidhaa za bei ya chini za maduka ya Tesco, ilianza mwaka 1993 kwa mistari ya buluu na nyeupe, ikabadilishwa sura mwaka 2012, na katika miaka yote hiyo mistari ile haikumweleza mtu kwa nini bei ni ndogo. Nawafahamu akina mama waliokuwa wakiifunika kwa bidhaa nyingine wanapokwenda kulipa, na jambo hilo lilinisikitisha sana.

JiraniWaOttawa

Dada, mimina kila kitu kwenye mitungi ya kioo kabla mama hajaamka. Asiyeona hasumbuki.

MzeeWaChumbageni (Tanga)

Hapana, mwanangu, usifanye hivyo. Akigundua, hataamini tena hata chai utakayompa.

Mama mkwe wako hajakosea kwa mantiki ya huku nyumbani. Mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango Kenya lilisimamisha uuzaji wa unga wa mahindi wa majina matano kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na majina yale yalikuwa yamechapwa kwenye paketi kwa rangi nzuri. Ikiwa wenye majina walifikia hapo, mtu mzima aliyelea watoto atauogopa zaidi mfuko usiojitambulisha. Huku kwetu kifurushi kisicho na chapa maana yake hakuna wa kushitakiwa, na ndiyo sababu tunatafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kununua. Anachokiuliza ni nani atawajibika mtoto akiumwa tumbo. Mjibu swali hilo, usimjibu habari ya bei, kwa sababu ukianza na bei atadhani mwanawe ameshindwa kumtunza.

Keti naye, msomee jina na anuani vilivyo nyuma ya kopo kama alivyoeleza FundiLebo. Kisha mkabidhi jiko: makopo mawili ya tui, la njano na la bei kubwa, apike, aonje, aamue. Na uamuzi wake uufuate, hata ukiwa dhidi yako.

BintiPangani

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Sikuwa nimefikiria kwamba mama anauliza habari ya kuwajibika. Mimi na mume wangu tulikuwa tunabishana juu ya pesa tu. Mitungi ya kioo sitaitumia kwa siri. Nimemsomea mama anuani ya nyuma ya kopo, akaniuliza kama wakaguzi wa serikali hufika kwenye viwanda hivyo, nikamweleza habari za Shirika la Ukaguzi wa Chakula la Kanada. Amekubali sukari, chumvi na maharage. Unga bado anautilia shaka, na tui amesema atalipima mwenyewe Jumamosi.

Swali moja limebaki: baadhi ya vifurushi vina alama nyeusi na nyeupe ya kioo cha kukuzia upande wa mbele, naye ameiona kabla yangu. Je, ni onyo la ubora hafifu?

FundiLebo

Hapana, dada. Alama hiyo ni ya lazima tangu Januari 2026 kwa vyakula vyenye kiwango kikubwa cha sukari, sodiamu au mafuta yanayoganda, viwe vya jina kubwa au vya njano. Pembeni yake pameandikwa ni kipi kilichozidi. Kwa supu za kopo na vitafunio vya watoto ninakushauri uisome kabla ya kutazama kitu kingine chochote.