Tupeane uzoefu: mliolazwa au kuuguza mtu Muhimbili

Bi Mkunde: Nilipita hospitali ya Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam, jana saa ya kuona wagonjwa, nikawaona kina mama wakisubiri getini na chupa za uji mikononi, na siku zote nilizomuuguza marehemu baba jengo la Kibasila zikanirudia. Mliolazwa pale au kuuguza, naomba tusimuliane.

Mzaramo Halisi: Kibasila alikuwa jumbe wetu wa Uzaramo, aliyewapinga Wajerumani wakati wa Maji Maji. Nilimkumbuka kila nilipopeleka chakula.

Kichuguu: Hospitali yenyewe waliijenga Wajerumani hao hao mwaka 1897.

Mwalimu Mstaafu: Hapana, ndugu yangu, unachanganya mambo. Ya mwaka 1897 ni hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ili Waafrika na Wahindi nao wapate pa kutibiwa, kwa kuwa Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road. Hii ya Upanga ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na ni baada ya uhuru ndipo ikaitwa Muhimbili. Sewahaji limebaki kuwa jina la jengo la wodi.

Kichuguu: Fedha hizo zilitokana na misafara ya pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na babu zetu. Sioni cha kumsifu.

Mwalimu Mstaafu: Sikumsifu. Wapagazi hao ndio waliostahili kitanda kuliko mtu mwingine yeyote.

Dada wa Mbagala: Mniwie radhi kwa urefu. Mdogo wangu alijifungua katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja, kisha damu ikawa haikomi, na tukawa tunaambiwa ni kawaida hadi alipoanza kusema maneno yasiyoeleweka. Usiku huo alipopewa rufaa ya Muhimbili, nilikaa naye nyuma ya gari la wagonjwa nikimwita jina kila alipofumba macho. Walimpokea mbio mbio, wakamwingiza ndani, nami nikabaki kwenye benchi. Mara sista akatoka, akanipa mfuko wenye kanga iliyolowa damu, ndala na hereni, akasema, "Shika vitu vyake," kisha akarudi ndani akikimbia. Simlaumu, alikuwa anapigania uhai wa mtu. Lakini kwetu, vitu vya mgonjwa vikirudi bila mgonjwa, watu hutandika mikeka. Nilimpigia mama simu, sauti ikagoma kutoka, naye akaelewa alivyoelewa, na Mbagala nzima ikasikia kilio. Kumbe alikuwa anaandaliwa kwa upasuaji, na huko hakuna anayeingia na hereni. Wale waliokuja kuomboleza ndio walioongozana alfajiri kwenda kumchangia damu. Mdogo wangu yupo hai, na mtoto anasoma chekechea.

Bi Mkunde: Alhamdulillahi. Nimelia.

Kichuguu: Mume wake alikuwa wapi muda wote huo?

Dada wa Mbagala: Alikuwa baharini Kilwa, kaka, na simu haikushika. Naomba tusimhukumu.

Fundi Abasi: Mwenye mgonjwa wa rufaa aandae wachangiaji damu mapema, na awe na watu wa kutosha wa kupokezana.

Mama Nasra: Mimi napinga hilo la watu wengi. Mkijazana hapo nje mnachoka wote siku moja, na kesho yake mgonjwa anakosa mtu. Tena asiye na uwezo awahi ofisi ya ustawi wa jamii na barua ya serikali ya mtaa, asingoje hadi siku ya kuruhusiwa.

Fundi Abasi: Hilo la barua nakubali. La watu sikubali.

Mwana wa Rufiji: Kaka yangu anasafishwa damu, na tumeambiwa anahitaji figo. Zamani ilikuwa safari ya India, lakini tangu mwaka 2017 wanapandikiza hapo hapo Muhimbili. Dada yetu ameridhia kutoa figo yake moja, ila mama anakataa kabisa, anasema hawezi kulaza watoto wawili kwa pamoja. Aliyewahi kumtolea nduguye figo pale, naomba aandike hapa alivyoendelea baadaye, ili nimsomee mama.