Jirani adhani nampiga picha yeye, kumbe ni mwewe. Nishaurini

Shungi_Ghorofani, 27 Mei 2020

Hamjambo wenzangu. Naishi Eastleigh, Nairobi, ghorofa ya sita. Tangu tarehe 6 mwezi huu mtaa wetu umefungwa kwa sababu ya korona, haingii mtu wala hatoki, na juzi tumeongezewa hadi tarehe 6 Juni. Duka ninalouzia nguo limefungwa. Mama yuko Pangani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na Idi yote tumekula pamoja kwa simu tu.

Kilichonishika mkono ni ndege. Ilianza Ramadhani, jioni moja nimepanda paani kuanua nguo. Mvua ilikuwa imekatika, kumbikumbi wakatoka, na mwewe wakajaa angani wakiwadaka kwa kucha na kuwala papo hapo wakiruka. Nilisahau hata nguo zangu. Tangu siku hiyo nikawa napanda na simu yangu. Nimejifunza mkia wa mwewe una panda, na kwamba kunguru wa kifua cheupe humfukuza wawili wawili mpaka ahame tangi la maji. Asubuhi korongo marabu, wale wenye mfuko shingoni, hupita kuelekea jalala la Dandora, na jioni hurudi mjini. Nampigia mama: "Wanakuja huko kwako." Naye hutoka nje kuwaangalia. Kwa siku nyingi hiyo ndiyo saa pekee ambayo silii.

Wiki iliyopita jirani wa jengo la pili amemwambia msimamizi wa ploti kuwa napiga picha wanawake wa kwake wakianika nguo. Mlango wa paani sasa una kufuli. Nimfuate jirani au niache? Tena picha zenyewe, mwewe hutoka doa jeusi tu.

Mvita_Dirishani

Pole sana dadangu. Nasi huku Mji wa Kale, Mombasa, tulifungiwa siku moja na nyinyi. Mimi sina paa, nina dirisha moja linalotazama kichochoro, na mbayuwayu wamejenga chini ya paa la baraza ya jirani. Kila alfajiri nakaa pale pale. Usiache. Mimi nilipoacha siku tatu, usingizi ulinipaa.

Mama_Zamzam

Mwanangu, nitasema la upande wa pili. Mwanamke akipanda kwake paani huvua mtandio, anajua yuko sitirini. Akiinua macho akaona simu imeelekezwa kwake, atajuaje wewe wataka mwewe? Hana kosa. Usimfuate mume, mfuate mke. Simama mlangoni, barakoa usoni, umwonyeshe picha zote, hata zilizoharibika. Kisha umuulize yeye ni saa ngapi hawaaniki. Saa hiyo ndiyo yako.

Lenzi_ya_Simu

Dada, Mama Zamzam amemaliza. La kwangu ni hilo doa jeusi: simu yako inapima mwanga wa anga, si wa ndege. Mguse mwewe kwenye kioo, kisha ongeza mwanga kwa kidole mpaka uone manyoya. Usimvute kwa vidole, simu inakata picha tu na kuipanua. Afadhali umsubiri atue kwenye tangi. Viwiko viegemeze ukutani. Elekeza simu juu daima, dirisha la mtu lisiingie hata kwa pembe. Na hao ndege andika tarehe na mahali, kwa sababu Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, hukusanya rekodi za watu wa kawaida kama wewe, na mtaa wenye majengo kama wako una thamani kama msitu.

Shungi_Ghorofani, 31 Mei

Narudi kuwashukuru. Nilimwendea mke. Hakuongea mpaka alipofika picha ya marabu wamekunja shingo, mabawa yamefunika nusu ya kioo. Akaita binti zake. Kumbe wa mwisho, wa miaka tisa, hajatoka nje ya jengo tangu tarehe 6. Tumekubaliana saa kumi na moja na nusu jioni, nguo zikiwa zimeanuliwa, na msimamizi amenipa ufunguo.

Jana mtoto alisimama paa la kwao, mimi la kwetu. Mama akapiga simu kutoka Pangani, wa kwanza safari hii kuwaona marabu: saba, wanakuja. Yule mtoto akainua vidole kunionyesha. Wanane.