Kampuni ya ushauri au nibaki idara ya mipango? Naombeni mawazo

Mpima_Kamba: Wakuu, nina ofa ya kampuni ya ushauri wa menejimenti. Sasa hivi niko idara ya mipango kwenye kampuni ya kawaida. Huko mshahara unauzidi wangu kwa mbali, ila nasikia maisha hakuna. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Mngekuwa ninyi?

BiMkubwa_Hesabu: Taarifa nusu nusu hizi, mkuu. Ni zile za mikakati kama McKinsey, BCG na Bain, au upande wa ushauri wa zile nne kubwa za ukaguzi wa hesabu (Deloitte, PwC, EY, KPMG)? Unaingia ngazi gani? Una familia? Bila hayo tunapiga ramli.

Kijiti: Nenda tu. Huko unaingia benki, kiwandani, hospitali, ndani ya muda ambao idarani kwako ungekuwa unarekebisha bajeti ileile. Sundar Pichai, bosi wa Google, alipita McKinsey kabla ya kwenda huko, na Indra Nooyi, aliyekuwa bosi wa PepsiCo, alipita BCG kabla.

Mzee_wa_Jedwali: Kijiti, unahesabu waliofika tu. Kampuni hizi ni piramidi, vijana wengi chini na wabia (wamiliki wenza) wachache juu. Ndiyo maana wana kanuni ya panda au ondoka: usipopandishwa kwa wakati wao, unaambiwa kwa upole utafute kwingine.

Kijiti: Kuondoka siyo kufeli. Wengi wanachukuliwa na wateja haohao.

Mzee_wa_Jedwali: Kwenye idara ya mipango, siyo? Mleta mada yuko huko tayari!

Kijiti: Wanaingia kama wakuu wa idara, mzee.

Nuru_Asubuhi: Mimi niliifanya, jina la kampuni naliacha. Jumatatu alfajiri uwanja wa ndege, Alhamisi usiku ndiyo unarudi. Safari unazizoea. Kinachochosha ni kwamba mchana kutwa mko na mteja, mnahoji watu na kuomba takwimu ambazo hazitoki, halafu uchambuzi wenyewe unaanza jioni. Saa 4 usiku meneja anapitia slaidi, unarekebisha. Asubuhi mbia anasema hoja nzima igeuzwe, kazi yote ya usiku inakwenda kapuni. Tulikuwa na mradi mmoja wa kupunguza gharama, kila mkutano kazi inaongezeka. Mteja akiomba kitu, mbia anaitikia, maana anautaka mradi unaofuata. Tarehe ya mwisho palepale, timu ileile. Harusi ya mdogo wangu niliikalia nyuma ya ukumbi, kompyuta mapajani. Tathmini ilipokuja nikaambiwa "sionekani vya kutosha".

Tarakimu_Tupu: Pole dada. Ila hapo mbia ndiye tatizo. Wapo wanaojua kumkatalia mteja. Mleta mada, usiwaulize kuhusu uwiano wa kazi na maisha, watakusomea kipeperushi. Uliza nani anapanga watu kwenye miradi, na ukikataa mradi inakuwaje. Na mtafute mtu aliyeacha kazi hapo karibuni, siyo hao wa kwenye usaili.

Mkaguzi_Mstaafu: Slaidi ndizo zimeharibu kazi hii. Sisi tuliandika ripoti, mtu anakaa anasoma. Siku hizi visanduku na mishale.

Kijiti: Wewe ni wa zama zipi? McKinsey ipo tangu 1926.

Mkaguzi_Mstaafu: Na 1926 hawakuwa na slaidi, wateja walilipa.

Mpima_Kamba: Nimerudi wakuu. Naingia mshauri wa kawaida, upande wa kusimika mifumo ya kompyuta. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa 5. Wamesema pia watanilipia MBA (shahada ya uzamili ya biashara).

BiMkubwa_Hesabu: Mifumo! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, watu wamegombana bure humu. Mradi wa mfumo unaweza kukaa mwaka mzima kwa mteja mmoja, kwa hiyo angalau unajua utakuwa wapi. Lakini wiki za kuuwasha, wikiendi sahau. Ulizia unawashwa lini, usije ukaangukia mwezi wa 5. Na MBA soma mkataba: kwa kawaida unasaini kubaki muda fulani ukishamaliza, ukiondoka mapema unarudisha ada.

Mzee_wa_Jedwali: Gawanya huo mshahara kwa saa halisi za kazi, kisha gawanya wa sasa. Weka majibu hapa.

Kijiti: MBA ya bure na bado mnapiga hesabu?

Nuru_Asubuhi: Bure ipi, na BiMkubwa ameshaeleza?

Mpima_Kamba: Ya mwezi wa 5 sikuwauliza. Nawaandikia leo. Saa za kazi kwenye ofa wameandika "kulingana na mahitaji ya mteja".

Mkaguzi_Mstaafu: Hiyo mifumo nayo inauzwa kwa slaidi, msidhani amepona.