Taimingi ya Subaru: niflashi ECU yake au niweke standaloni?

Mwana_Maweni
Asalam aleikum wakuu. Nataka kufanya taimingi ya Subaru yangu, yaani wakati wa spaki kuwaka, ipate nguvu. Fundi mmoja wa Mombasa anataka kuflashi ECU iliyokuja na gari, yaani kuandika upya kompyuta ya injini, mwengine aniambia nitoe hiyo niweke standaloni, kompyuta ya kununua kama Link ama Haltech. Bei zimepishana mno na Ijumaa natakiwa nitoe pesa. Ipi bora?

Fundi_KisumuNdogo
Waaleikum salaam. Subaru gani shekhe? Mwaka gani, ina tabo haina, egzosi umegusa hujagusa, mafuta waeka gani? Hujasema kitu bado.

Kasa_Watamu
Standaloni, usihangaike. Mimi n'na Haltech mwaka wa pili, mapu ya spaki naifungua kwa laptopu nabadilisha nitakavyo.

Mwana_Maweni
Samahani, nilikuwa mbio. Ni Impreza STI ya 2003 ya Japan, bodi ya GDB, injini EJ207, tabo yake ile ile. Egzosi nimefungua toka daunpaipu mpaka nyuma. Mafuta ni super ya kawaida.

Fundi_KisumuNdogo
Sasa twaweza kuongea. Gari hiyo ilipangiwa petroli ya Japan ya RON 98 mpaka 100 (kipimo cha mafuta kuhimili kugonga), super yetu haifiki huko. Tena egzosi ikishafunguka boosti, presha ya hewa ya tabo, hupanda yenyewe bila kuguswa. Mafuta hafifu na boosti imezidi, halafu spaki itangulie vile vile, hiyo injini itagonga tu, mafuta yalipuke yenyewe ndani ya silinda. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kurudisha taimingi nyuma pale boosti inapojaa, kuongeza baadaye. Kwenye mwendo wa pole spaki yaweza kutangulia digrii 35 kabla pistoni kufika juu na isidhuru, lakini ukikanyaga boosti ikajaa, ni kumi na kitu hapo.

ECU yake yatosha kabisa. EcuFlash na RomRaider ni bure, wanunua kebo tu, waunganisha zile plagi mbili za kijani chini ya dashibodi. Soma namba ya IAM, yaonyesha ECU yaiamini taimingi kiasi gani. Ukitoa betri yaanza 8, injini ikiwa salama yapanda mpaka 16. Ikikwama ama ikishuka, ECU imesikia kugonga na yapunguza taimingi yenyewe. Pesa ya standaloni kwa tabo ya kampuni ni hasara.

Mzee_Corolla
Vijana mwatatiza mambo. Injini yangu ya 4A-GE naunganisha TE1 na E1 kwa waya kwenye plagi ya kupimia, namulika puli kwa taa ya taimingi, nazungusha distribyuta mpaka ikae digrii 10, nafunga bolti. Laptopu ya nini?

Fundi_KisumuNdogo
Mzee wangu, shikamoo. EJ207 haina distribyuta, kila silinda na koili yake, taimingi yote imo ndani ya ECU. Na hata kwako, hizo 10 ni za msingi tu, ukitoa ule waya ECU yaongeza zake.

Mzee_Corolla
Marahaba. Hayo najua, lakini msingi ukiwa mbovu hata laptopu kumi hazisaidii.

Bint_Gede
Kaka Maweni, kabla hujatoa pesa nisikize mimi. Mwaka jana nilipeleka yangu kwa jamaa mmoja, simtaji, akaongeza digrii kwenye boosti akaniambia nenda kajaribu. Hakurekodi data ya injini kwa laptopu, hakutega sikio, nami kweli nikasikia gari imekuwa nyepesi, nikafurahi nikalipa. Siku ya tatu natoka Kilifi saa nane mchana, jua kali, nimekaa nyuma ya malori intakuula (kipoza hewa ya tabo) yachemka, nikapata nafasi nikakanyaga gia ya nne nikasikia sauti kama changarawe ndani ya kopo, sekunde mbili tu, nikadhani ni mawe ya barabarani. Kufika Gede moshi wa buluu umenifuata, oili inatoka kwenye brida, bomba la kupumulia injini. Kufungua, pistoni ya silinda ya nne imekatika pale katikati ya ringi na ringi, kipande chatoka kwa kucha. Niliuza dhahabu yangu kununua shoti bloki, nusu ya chini ya injini. Muulize huyo fundi wako atasikiliza kugonga kwa kifaa gani. Anayenifanyia sasa ana bomba la shaba amelibonda ncha akalifunga na bolti kwenye bloki, mpira mpaka kwenye vifaa vya masikio, asikia kila kitu.

Kasa_Watamu
Pole sana dada. Basi si arudishe taimingi nyuma kabisa awe salama?

Fundi_KisumuNdogo
Hapana! Ukichelewesha mno moto unamalizikia kwenye egzosi, tabo na valvu zapikika. Yataka kipimo. Na joto letu la mwezi wa pili si la kujaribia gari usiku kisha useme imekubali.

Nahodha_Mokowe
Huku kwetu Lamu gari si nyingi ila nauliza, autibodi ya injekta (injini ya mashua) nayo yagonga kwa mafuta mabaya? Yangu ikibeba watu wengi yatoa sauti hiyo ya changarawe.

Bint_Gede
Mafuta wahifadhi kwenye mitungi? Angalia maji kwanza.

Nahodha_Mokowe
Ni mitungi, ndiyo, ya plastiki, yakaa juani gatini.

Mwana_Maweni
Fundi wa kuflashi nimempigia, asema hana bomba la shaba, ategemea sensa ya gari. Sijampa pesa bado. Bint_Gede, wako yuko Malindi ama Mombasa?

Mzee_Corolla
Nahodha, na plagi uzitoe utazame rangi, kisha weka picha hapa.