Abstrakti imekubaliwa kwa kongamano la macho la kanda, niende ama niache?

Mulembe_Optom:

Mulembe wadau, nisaidieni kuwaza. Niko mwaka wa mwisho wa optometria, ile kozi ya kupima macho na miwani, hapa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro (MMUST) Kakamega. Projekti yangu ilikuwa kitu simpo tu, watoto wa shule za msingi wakipimwa macho shuleni na kupewa barua ya kwenda hospitali, je wanafika? Na wasipofika shida ni gani, nauli, ama barua ilibaki kwa begi, ama mzazi anaona mtoto anachunga ng'ombe vizuri tu na hapotezi hata mmoja sasa macho yana shida gani. Supavaiza akanisukuma nitume abstrakti, ule muhtasari wa utafiti, kwa kongamano la kanda la utafiti wa macho, nikatuma nikijua watakataa, wiki jana imeili ikaingia ati nimekubaliwa. Si ya kuongea jukwaani, ni ya bango, unabandika kazi yako kwa ubao na kusimama hapo uwaeleze wanaopita.

Sasa furaha imeisha nimeanza kupiga hesabu, kujiandikisha, nauli, mahali pa kulala, kuprinti hilo bango. Halafu kuna msee wa darasa letu ameniambia nisijisumbue, hiyo kitu Kitale walishaimaliza kitambo na simu, nitasimama pale na bango langu watu wakinipita wakienda chai. Waliowahi kwenda hii mikutano, inamsaidia mwanafunzi kweli ama ni ya wakubwa?

OCO_TransNzoia:

Huyo mwenzako alisoma kichwa cha habari akaachia hapo.

Mimi ni afisa wa kliniki wa macho huku Trans Nzoia, huo utafiti wa Kitale naujua. Ulitoka kwa Lancet Global Health 2018, daktari Hillary Rono na wenzake, shule 50, watoto zaidi ya 20,000, na wapimaji walikuwa walimu. Nusu ya shule zilitumia simu yenye programu ya kupima macho ya Peek, nusu zikaenda na njia ya kawaida. Hiyo ya simu ukiiona ikifanywa utaipenda bure. E moja inatokea kwa skrini ikiwa imegeuzwa, mtoto anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaangalia wapi, mwalimu anatelezesha kidole upande ule ule mtoto ameonyesha, E nyingine inakuja, zinazidi kuwa ndogo hadi mtoto anakwama. Mwalimu hahitaji hata kujua kama mtoto amepata ama amekosa, simu ndiyo inajua.

Lakini kupima peke yake sio ndiko kulileta tofauti kubwa. Mtoto wa upande wa simu akipatikana na shida alipewa picha ya kupeleka nyumbani, inayoonyesha vile yeye anaona, ukungu tupu, ili mzazi aone kwa macho yake, na SMS za kukumbusha zikafuata. Waliofika hospitali upande huo walikuwa asilimia 54. Upande wa barua ya kawaida, asilimia 22.

Sasa hebu soma hizo namba tena polepole. Hata na picha na SMS, karibu nusu hawakufika! Hapo ndio mahali pako. Kitale haikumwuliza mzazi wa Malava ama wa Butere kwa nini alibaki nyumbani, wewe umemwuliza. Anza bango lako na hiyo 54 na 22, yako iweke chini yake, na watu watasimama, chai wataikuta.

NyarKisumo_Macho:

Mimi nitasema ile wengine wanaogopa kusema. Nimehudhuria mikutano ya macho na kuna watu wengi pale wamekuja kutafuta pointi za CPD, yale mafunzo ya kuendelea kazini, na begi lenye nembo. Asubuhi yote ni wageni waheshimiwa na salamu za wageni waheshimiwa, halafu unapata mabango yamepangwa kwa korido ya kuelekea choo, na stendi za kampuni za lenzi na dawa ndizo zimepewa ukumbi mzuri. Kwa hivyo kama pesa ni ya kukopa kwa simu, USIENDE. Deni la app litakungoja hadi utafute kazi.

Ila kama chuo kitasaidia ama waandaaji wakupunguzie, basi nenda. Mwanafunzi hulipa kidogo kuliko daktari, na ukilipa mapema inashuka zaidi, halafu andikia sekretarieti moja kwa moja uulize kama kuna msaada wa nauli, watu huona haya kuuliza na pesa inabaki. Faida yenyewe haiko kwa jukwaa. Mimi kuna dada wa Mbarara alisimama kwa bango langu akauliza mbona fomu yetu ya rufaa haina nafasi ya namba ya simu ya jirani, maana mzazi simu huzima. Tangu siku hiyo tunatumiana fomu hadi leo. Mtu mmoja wa hivyo anatosha kulipa safari.

Na kama ni lile la COECSA, hicho ni chuo cha madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilizaliwa 2012 na ofisi iko Nairobi, lakini kongamano huzunguka nchi kwa nchi, kwa hivyo angalia paspoti kabla hujaangalia suti.

Rift_Rejista:

Mko sawa lakini hakuna ameuliza kuhusu karatasi. Kijana, uko na barua ya kamati ya maadili? Na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya serikali? Kama zote ziko, namba zake ziandike kwa bango, pale chini kwa pembe, kwa sababu kuna mzee mmoja kwa kila mkutano kazi yake ni kuuliza hiyo tu. Na picha za watoto achana nazo. Kuziba macho kwa kamstari keusi haitoshi, kijiji kinamjua kwa sweta ya shule. Hawa ni watoto, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mzazi akubali.

Pia mimi kama mtu wa Nakuru siwezi nikanyamaza mkisifu Kitale peke yake. Hiyo programu ya simu iliiva huku kwetu. Daktari Wanjiku Mathenge na timu walipima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi, 2007 hadi 2008, halafu 2013 timu ya Andrew Bastawrous ikarudi kuwatafuta wale wale nyumba kwa nyumba, na ni kwa hiyo kazi simu ililinganishwa na chati ya kawaida, ikachapishwa 2015. Wengi hawakupatikana, wengine wamefariki, wengine walihama, na kumbuka kati hapo Nakuru ilipitia fujo za baada ya uchaguzi. Nasema hivi kwa sababu kwa projekti yako wale hawakufika hospitali na wale hukuwapata kwa simu ni vikundi viwili tofauti. Usiwachanganye kwa jedwali moja, utaumbuliwa.

Jamo_Prints:

Mimi si mtu wa macho, mimi huprinti hizi vitu hapa Kisumu. Soma maagizo kwanza kama wanataka la kusimama ama la kulala, watu huleta A0 ya kulala na ubao ni wa kusimama, linaning'inia nusu. Printi kwa kitambaa, unalikunja kwa begi kama shuka na linanyooka, ile mirija ya karatasi kondakta wa matatu atakuchaji kiti chake. Usijaze maneno. Na leta PDF, sio ile faili inafunguka kwangu herufi zote zimeruka.

Mulembe_Optom:

Asanteni sana. Barua ya maadili na NACOSTI ziko. Nimeongea na idara, wanasema wataona kama watalipa ya kujiandikisha, nauli nitajua mwenyewe. @Rift_Rejista hiyo ya vikundi viwili imenipiga, narudi kwa data leo usiku.

Swali la mwisho. Kuna kitu wazazi walirudia sana na sikukiweka kwa abstrakti, ati mtoto akianza miwani mapema macho yatazoea na yataharibika kabisa, kwa hivyo bora angoje amalize shule. Naweza kuongeza kwa bango ama watasema nimebadilisha kazi?

OCO_TransNzoia:

Ongeza. Matokeo uliyotuma usiyaguse, lakini bango lina nafasi ya kusema zaidi ya abstrakti, na hiyo ya miwani sisi huiskia kila siku ya kliniki. Kabla hujaenda pita hospitali ya macho ya Sabatia, ni hapo Vihiga tu, uongee na wale huenda autrichi, kupima watu huko vijijini, uone kama wazazi wa huko wanasema hivyo hivyo. Na usikose kuwauliza kuhusu watoto waliopewa miwani wakaiacha kwa kabati, maana hilo ndilo swali la kwanza utaulizwa.