TeraCopy, FastCopy au Robocopy: ipi ya kuhamishia mafaili mengi?

StudioMwanga: Wakuu habari zenu. Nahamisha picha na video za studio kwenda diski ya nje, kukopi kwa kawaida kunakwama njiani. Kompyuta inachukuliwa na mnunuzi Jumamosi. Nitumie programu ipi ya kukopi kati ya hizo tatu?

Fundi_Ujiji: Mkuu, mafaili mangapi? Windows gani? Diski imefomatiwa vipi? Bila hayo tunabahatisha.

KasuluIT: Robocopy, usihangaike. Imo ndani ya Windows tangu Vista, huli bando kupakua. Inaendeshwa kwa kuandika amri; mwishoni weka /E (ichukue folda zote za ndani) /Z (iendelee ilipokatikia) /R:2 (irudie mara mbili) /W:5 (isubiri sekunde 5). Hiyo R usiache kuiweka, maana yenyewe hurudia faili lililogoma mara milioni 1, kila mara ikisubiri sekunde 30.

MamaPacha: Mimi ni TeraCopy, na nina sababu. Picha za harusi ya mdogo wangu tulihamishiwa na kijana mmoja kwa kuburuta tu. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi akaendelea, yaliyokwisha kuwepo akayaruka. Majina yote yapo, ukubwa uleule. Kufungua: bibi harusi anaonekana mpaka shingoni, chini kijivu kitupu. Na kwenye kompyuta alishafuta. TeraCopy ukiiwashia uhakiki inalinganisha kila faili na la mwanzo baada ya kukopi.

KasuluIT: Dada pole, lakini TeraCopy ya bure si ya biashara. Studio ni biashara.

MamaPacha: Basi alipie, iwe TeraCopy au FastCopy, nayo inahakiki ukiiwashia. Robocopy yako inatazama ukubwa na tarehe tu, ndani haisomi.

StudioMwanga: Windows 10, picha kama laki mbili. Diski imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32.

Fundi_Ujiji: Ndiyo hiyo inayokukwamisha! FAT32 haipokei faili la kufika 4GB, video ya harusi nzima itagoma kwa programu yoyote. Kama diski haina kitu, ifomati kwanza kwa mtindo wa NTFS, hauna kikomo hicho.

Mgebuka: Diski umenunua wapi? Zipo zimeandikwa 2TB, ndani hata 64GB hazifiki. Ipime na programu ya H2testw kabla ya yote, ni ya bure.

KasuluIT: Kupima 2TB ni usiku mzima, na umeme wetu huu?

Mgebuka: Basi anunue UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta umeme ukikatika.

StudioMwanga: UPS ya kubeba kompyuta ya mezani usiku kucha ipo hapa mjini?

Fundi_Ujiji: Usiku kucha hapana, dakika chache tu za kuzima salama. Azima laptopu yenye betri nzima, ufanyie hapo. UPS ulizia maduka ya Lumumba hapa mjini.

MamaPacha: Na usimpe mnunuzi kompyuta kabla hujafungua picha kadhaa kila folda.